Wanyama Ambao Adamu Hakuwaita

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Mvua tangu asubuhi. Mpofi ni mvua na mizizi tu! Kwetu Masisi mvua inashuka mlimani na kwenda zake. Huku msituni inakaa, kama mgeni asiye na haraka ya kurudi kwao.

Kamio, lile lori la madini liendalo Mubi, imetuachia sanduku la misioni. Chaki, katekisimu mpya, kengele ndogo, na karatasi ndefu iliyoviringishwa na kufungwa kamba. Viateur, mume wangu, alikuwa na wakatekumeni wake, wale wanaongoja ubatizo, nikalifungua mwenyewe. Mke wa katekista hana ruhusa ya kufungua sanduku la misioni. Mwalimu wa wasichana anayo. Mimi ni wote wawili, basi nimejipa ruhusa.

Ile karatasi ni picha ya ukutani, kubwa kuliko mlango wetu. Wanyama — lakini wanyama gani! Mmoja ana shingo ndefu kupita mchikichi, na kichwa kidogo kama ngumi. Mwingine ana pembe tatu usoni. Mwingine anasimama kwa miguu miwili, meno nje, na vikono vifupi vya kuchekesha. Juu imeandikwa kwa Kifaransa. Nikasoma kwa sauti, peke yangu: dinozori. Chini kuna mistari midogo, na Kifaransa changu cha masista kilinifikisha karibu mwisho. Waliishi zamani sana. Mifupa yao imechimbwa. Walipotea wote, kabla ya mwanadamu.

Wote! Nilirudia mstari ule. Kabla ya mwanadamu.

Mtoto ameanza kucheza tumboni. Sijamwambia mama mkwe. Atanikataza kubeba maji, na wasichana watanicheka.

Jumanne, 6 Septemba 1955

Viateur ameifurahia picha kupita kiasi. Mume wangu alizaliwa hapa Mpofi lakini alisomeshwa misioni kule Masisi, na kitu chochote kinachotoka Masisi kwake ni kitakatifu, hata misumari. Ameitundika kanisani, ambamo pia ndimo tunafundishia, upande wa kushoto wa msalaba. Akawakusanya wasichana wangu na wakatekumeni wake pamoja, akaeleza: hawa ni wanyama walioachwa nje ya safina ya Noe kwa sababu hawakuenea mlangoni. Wakazama. Basi.

Watu wameridhika. Nyumbani nilimwambia kwamba pale chini pameandikwa kabla ya mwanadamu, na Noe alikuwa mwanadamu. Akaniuliza picha iliandikwa na nani, na Mwanzo uliandikwa na nani. Nikamjibu kwamba picha imeletwa na mapadri, na Mwanzo pia umeletwa na mapadri. Akaendelea kula. Akikosa la kusema anatafuna kwa nguvu.

Alhamisi, 8 Septemba 1955

Léonard ameivuruga katekisimu! Léonard ni mwindaji, mtu mzima, anangoja kubatizwa Noeli. Jina la Léonard amejipa mwenyewe kabla ya maji. Viateur anamkaripia kila mara, naye anajibu kwamba anazoea.

Leo alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaanza.

— Mwalimu, huyu wa shingo murefu, maji ya Noe ilimufikia wapi? Yeye angesimama tu! Mboloko, mufupi vile, njo aliokoka?

Viateur akasema mboloko, yule paa mdogo wa msituni, aliingia safinani. Léonard akafikiri, akakubali.

— Sawa. Alikuwa muiko wa nani?

Mimi mtu wa milimani nilichelewa kuelewa. Hata kwetu kila ukoo una mnyama wake usiomla, lakini huku msituni wanalishika jambo hilo kweli kweli, aliyebatizwa na asiyebatizwa. Léonard akatueleza polepole, kana kwamba tunamsumbua. Mnyama aliye mwiko wa watu fulani hamaliziki kabisa, maana wapo wanaomwacha apite. Mnyama asiye mwiko wa mtu, kila mkuki ni wake.

— Hawa hawakuwa na benyewe, akasema. Njo maana walimalizika. Si maji.

Wakatekumeni wote wakaitikia kwa vichwa, hata wale wanawake wanaosinziaga. Viateur akapiga kengele kabla ya saa yake.

Jumapili, 11 Septemba 1955

Baada ya sala hakuna anayetoka. Wote mbele ya picha. Wanawake wawili walibishana namna ya kumpika yule wa pembe tatu — mmoja anataka mawese, mwingine anasema nyama ya namna ile lazima ikaushwe kwanza. Viateur amesema Jumapili ijayo ataifunika kwa kitambaa. Nikamwambia amfunike na Léonard.

Jumatano, 14 Septemba 1955

"Hawakuwa na wenyewe." Neno hilo haliniachi. Natwanga sombe ya majani ya muhogo, liko. Nafundisha kushona, liko.

Nitaandika, kwani hapa hakuna anayesoma. Mwaka jana, mwezi wa pili, nilizaa mvulana. Viateur alikuwa kule Pinga kwa mkutano wa makatekista. Mtoto alifungua jicho moja. Hivyo wanasema, mimi nilikuwa nimezimia kwa damu. Nilipoamka alikuwa tayari nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mama mkwe alimzika mwenyewe, upesi, bila kilio. Kwao mtoto ambaye hajatolewa nje kuonyeshwa watu hana jina, na asiye na jina haliliwi. Wala hakukuwa na mtu chumbani aliyejua maneno ya ubatizo. Basi na Kanisa nalo: pasipo maji hakuna jina, na kwenye makaburi ya Wakristo hana nafasi. Mapadri na wazee wa Mpofi hawajawahi kupatana juu ya kitu, hata juu ya ngoma. Juu ya mwanangu walipatana siku moja!

Majirani walikuwa na maelezo yao. Kwamba mimi, mwanamke wa kutoka milimani, nilikula nyama ambayo ni mwiko kwa ukoo wa Viateur, nikaadhibiwa. Labda nilikula. Nani aliniambia ipi ni ipi?

Hapa mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi wananiita Madamu Mwalimu.

Ndiyo maana picha ile inanisumbua. Mwanzo naujua, naufundisha: Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu, naye akampa kila mmoja jina. Kama hawa walikufa kabla ya Adamu, basi hakuwaita. Waliishi, wakala majani, wakazaa, wakaisha, na hakuna aliyewaita kitu. Mungu aliwaumba wa nini basi? Aliwasahau? Au alitazama akaona ni vyema, Yeye peke yake, bila mtu wa kumwonyesha?

Nimeandika "akaona ni vyema" na nimelia. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Ijumaa, 16 Septemba 1955

Wasichana hawataki tena hesabu, wanataka dinozori. Vestine, yule anayejibu kabla swali halijaisha, amesema dinozori si jina. Ni kama kusema "watu". Kila mmoja anaitwaje? Majina ya Kifaransa yako pale, marefu, ulimi umeshindwa. Nikawaambia wachague wenyewe. Mungu anisamehe, walichagua! Wa shingo ndefu ni Mugusa-Mawingu. Wa pembe tatu ni Mama Mukali. Wa meno wamempa jina la karani anayekusanya kodi sokoni. Silitaji. Tulicheka mpaka Viateur akaja kuona kuna nini.

Yeye hakucheka. Akasema kazi ya majina ilikuwa ya Adamu, na Adamu aliimaliza. Nikasema hawa hakuwafikia. Akasema wafu hawapewi majina. Lilimtoka tu, mbele ya ubao. Kisha akauona uso wangu, akatoka nje, akasahau kofia yake juu ya benchi.

Jumamosi, 24 Septemba 1955

Nimemwambia Viateur. Sikupanga. Tulikuwa uani tunamenya muhogo, jua limetoka kidogo, kila kitu kizuri. Nikasema nataka mtoto wetu wa kwanza awe na jina. Siombi msalaba, siombi misa. Jina tu, lisemwe kwa mdomo.

— Godelieve, usianze.

— Sianze leo. Nilianza mwaka jana.

Viateur akaweka kisu chini. Akasema yeye ni katekista, kila siku anawafundisha watu kwamba jina linatoka majini. Akimpa mwanawe jina bila maji, atamwambia Léonard nini? Nikasema Léonard amekwisha jipa la kwake, na anga haijaanguka. Na dinozori nao wamepewa na Vestine, maiti wa zamani kuliko wote, na hakuna aliyeugua. Alitaka kucheka, nilimwona. Akajizuia.

Mama mkwe alikuwa karibu na moto, akasikia yote. Mama Anastasie si mwanamke wa makelele. Anastasie ni jina lake la ubatizo; alibatizwa uzeeni na mwanawe mwenyewe akimfundisha sala. Akaja, akanishika tumbo kwa mkono wenye majivu; kumbe alijua bila kuambiwa.

— Huyu iko anasikia, akasema. Ukiita ule wa chini, huyu wa juu atageuka kumufuata. Kwetu hatuitake vile. Acha, mutoto wangu.

Angekuwa na hasira ningemjibu. Aliongea nami kwa huruma, nikaendelea kumenya. Naogopa. Naogopa sana. Tangu hapo mtoto hajacheza.

Jumapili, 25 Septemba 1955

Amecheza! Wakati wa Baba Yetu. Asante, Maria.

Jumamosi, 1 Oktoba 1955

Nawaza juu ya kuisha. Mtu mmoja kufa, hilo tunalijua. Kijiji kuhama, tunalijua. Lakini aina nzima, mpaka wa mwisho kabisa — nani aliona wa mwisho? Lazima alikuwapo mmoja. Alitembea akitafuta wenzake, akaita, hakuitikiwa. Nilipokuwa msichana niliamini kwamba Mungu akiumba kitu hakirudishi nyuma. Anaumba, kinakaa. Mbuzi ni mbuzi tangu Adamu mpaka leo. Sasa naona karatasi inasema aliumba wakubwa vile, akawaacha waishe, akaendelea na wengine. Ama picha inadanganya, ama mimi sikumjua Mungu vizuri.

Nimemwambia Viateur wakati wa kula. Akasema nile, chakula kinapoa.

Jumanne, 11 Oktoba 1955

Padri Édouard amefika kutoka Masisi. Njia mbaya, kamio ilikwama, matope mpaka ndevuni. Kumbe picha aliituma yeye, aliona itafaa kwa somo la wanyama! Kesho atawahoji wakatekumeni, na anayeshindwa hatabatizwa Noeli. Viateur ametembea nyumba kwa nyumba akirudia nao maswali. Amemwomba Léonard ajibu kwa kifupi. Kumwomba Léonard!

Jumatano, 12 Oktoba 1955

Siku ya maneno mengi. Nitaandika yote kabla hayajanitoka.

Padri alimpa Léonard swali jepesi: nani aliumba vitu vyote? Léonard akajibu vizuri. Angekaa. Hakukaa! Akanyosha kidole ukutani, akasema Mungu aliwaumba na wale pale, lakini hakuwapa ukoo, kwa hiyo walimalizika. Yeye anamshukuru Mungu kwamba watu wa Mpofi walipewa ukoo, na sasa wanaongezewa na Kanisa, hivi hawatamalizika.

Viateur alitazama viatu vyake. Padri akauliza maneno haya yametoka wapi. Basi na safina ikatoka, na mlango mdogo, na maji. Padri alicheka mpaka akakohoa. Akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Akamwambia Léonard amepita.

Kisha akakaa benchi moja nao, akaeleza. Mifupa ile ni ya kweli, ameiona kwa macho yake kule kwao Ulaya, imesimamishwa katika nyumba kubwa. Walikufa kabla ya Noe, kabla ya Adamu. Hakuna mtu aliyewala. (Léonard alisikitika waziwazi.) Siku sita za Mwanzo si lazima ziwe siku za jua letu hili. Mungu hafungwi na saa ya mkono, siku yake yaweza kuwa miaka isiyohesabika. Mwanzo unatuambia nani aliumba na kwa upendo gani. Mifupa inatuambia lini na kwa kupitia njia gani. Havigombani, sisi ndio tunavigombanisha. Na kwa nini waliisha? Akasema wenye elimu wenyewe hawajapatana. Labda baridi, labda njaa.

Viateur akainua mkono kama mwanafunzi. Akauliza kwa heshima: tunafundisha kwamba mauti iliingia ulimwenguni kwa dhambi ya Adamu. Hawa walikufaje kabla ya dhambi? Nilimpenda mume wangu pale, nilimpenda kweli! Padri akasema ile ni mauti ya mwanadamu. Mnyama hufa kwa sababu ni mnyama, hakuna aliyemwadhibu. Viateur akasema ndiyo Padri, lakini namjua, swali lilimbakia.

Watu wakatoka. Nikabaki kufagia. Viateur anakusanya vitabu, Padri anafunga begi lake. Nikauliza:

— Padri, miaka hiyo yote, watu bado. Hawakuwa na jina. Mungu aliwajua?

— Aliwajua, Godelieve. Akaona ni vyema. Mungu hangoji Adamu.

— Bila jina?

— Bila jina.

Nikasema:

— Basi na mutoto wangu.

Halikuwa swali. Padri anaijua habari, Viateur alimwandikia wakati ule. Alianza kwa sauti ya katekisimu: watoto waliokufa pasipo ubatizo wako mahali pa amani, hawateseki, ila Mungu hawamwoni uso kwa uso. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwonyesha ukuta.

— Ile ya meno, Mungu aliitazama miaka yote ile. Mutoto wangu alifungua jicho moja. Mungu hamutazame?

Padri akavua miwani. Bila miwani ni mzee kuliko nilivyodhani.

— Anamtazama, akasema. Hilo najua. Mengine nilifundishwa, nami nakufundisha vile nilifundishwa.

Akapangusa miwani muda mrefu, kisha akasema neno ambalo sijalisikia kwa padri hata mmoja: sijui. Nyuma yangu Viateur aliangusha vitabu vyote.

Alhamisi, 13 Oktoba 1955

Padri ameondoka na kamio ya kwanza. Viateur haongei nami. Anaongea na mama yake, anaongea na mbuzi. Nimemwaibisha mbele ya padri wake, na anaogopa atanyang'anywa kazi kwa ajili ya mdomo wa mkewe. Najua. Nisingeacha hata hivyo.

Jumatatu, 17 Oktoba 1955

Bado kimya. Nimefundisha siku sita za kuumba. Nimewaambia wasichana kwamba kati ya siku moja na nyingine huenda kuna miaka mingi kuliko majani ya msitu huu, na Mungu hakuchoka kungoja. Vestine akauliza Mungu alikuwa anafanya nini wakati huo wote. Nikasema alikuwa anawatazama. Nilishangaa nilivyolijua jibu upesi.

Jumapili, 23 Oktoba 1955

Ameongea! Tulikuwa tunatoka mtoni, yeye amenibebea ndoo moja, jambo ambalo mwanamume wa hapa hafanyi mbele ya watu. Akasema asubuhi ya kuondoka kwa Padri, kabla ya kamio, yeye naye alimuuliza.

— Ulimuuliza nini?

— Yenye uliuliza weye.

— Akasema nini?

Akahamisha ndoo mkono wa pili.

— Alisema ile picha ibakie kwa ukuta.

Nilikasirika, kisha nikacheka, maji yakamwagika. Wanaume wawili wa Mungu wamekaa pamoja kwa habari ya mwanangu, wakatoka na jibu la picha! Viateur hakuudhika. Akasema alikuwa anangoja onyo lije kwa barua siku zote hizi, ingawa asubuhi ile Padri hakumpa onyo. Alimshika bega tu.

Tukapumzika juu ya gogo. Akasema analitafuna bado swali lake. Kama wale walikufa kabla ya dhambi, basi si kila kifo ni adhabu. Basi na kifo cha mtoto wetu huenda hakikuwa adhabu. Hakuna nyama uliyokula, akaniambia. Acha kuwaza juu ya nyama. Sikujua kwamba anajua nawaza juu ya nyama.

— Miye nilikuwa Pinga, akasema. Sikumuona hata uso. Weye hukumuona. Ni Mama tu alimuona.

Nilikuwa nimesahau kwamba naye alifiwa. Kwa muda wote huu nilidhani huzuni hii ni mali yangu peke yangu. Nikamshika mkono pale njiani, watu waseme watakavyo.

Jumatatu, 31 Oktoba 1955

Keshokutwa Siku ya Marehemu. Siku hiyo Padri hawezi kufika kila kijiji, kwa hiyo hapa Viateur anaongoza sala, na watu wa Mpofi wana namna yao. Nyumba moja baada ya nyingine inasimama, mkubwa wa nyumba anataja wafu wake kwa sauti, na kanisa lote linaitikia: wapumzike kwa amani. Wanaume ndio wanaotaja. Mjane humtuma shemeji.

Nimetoka darasani nikamkuta Viateur nyuma ya nyumba na panga, anakata majani chini ya migomba. Mama Anastasie alimtazama kutoka jikoni. Hakumzuia, wala hakumpelekea maji ya kunywa.

Jina ninalo. Ninalo tangu mwaka jana. Sijaliandika hata hapa.

Jumatano, 2 Novemba 1955

Mvua imekatika. Kengele ya kwanza imelia na watu wanapita njiani, nasikia sauti ya Léonard juu ya wote.

Viateur amevaa koti lake mapema. Akaja kusimama karibu na kitanda, nikijifunga kikwembe kiunoni. Akasema zamu yetu ikifika atataja baba yake, babu yake, na mama yangu aliyelala Masisi. Kisha atanyamaza kidogo.

— Kama uko na neno, sema. Miye siwezi kusema, niko katekista. Lakini nitaitikia.

Hakuna mwanamke aliyewahi kusema pale. Vichwa vyote vitageuka, na vitatazama tumbo langu. Na kama Mama Anastasie anasema kweli? Kama huyu wa ndani atasikia jina la kaka yake na kumfuata? Nimejiuliza tangu alfajiri. Kisha nasema: Mungu aliyewatazama wale wakubwa bila jina hakuwaachilia kwa sababu hawakuitwa, na mimi sitamwita mwanangu ili Mungu amjue. Anamjua. Nitamwita kwa ajili yangu. Kwa ajili ya baba yake, aliyekuwa Pinga. Naogopa na nitasema.

Kengele ya pili. Viateur ametangulia.

Naandika nimesimama karibu na mlango. Nilikwisha toka, nikakuta Mama Anastasie amekaa kizingitini na kikwembe chake cha sikukuu, mlango wote ni yeye. Nikamwambia Mama, niache nipite, nimekwisha kata shauri. Akasema hanizuii. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia udongo.

— Godelieve. Mbele ya Viateur kuzaliwa nilizaa wane. Wote njo vile. Niliwazika na mukono yangu, sikulia. Nilisema, kama siite hawa, mumoja atabakia. Viateur akabakia. Leo weye utaita wako. Na miye? Wangu nitawaita nani?

Wanne! Tunapika chungu kimoja tangu niolewe, na hakuniambia. Nilimdhani mgumu. Nimerudi ndani nikisema nachukua rozari, na rozari iko mkononi. Kule kanisani wameanza wimbo. Nimemnyoshea mkono nimwinue, ameushika, hainuki. Ananingoja mimi, mwalimu.

Nimemuuliza kama wa kwanza alikuwa mvulana au msichana. Anafikiri.